JIKO LISILALE HEMANI

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza, mwalimu wa kemia akanifunza, na bado ulimwengu ukalazimika kunifunza mara ya tatu, usiku wa manane, nikiwa nimelazwa kwenye nyasi zenye umande huku mwalimu akinipigapiga mashavu na kuniita jina. Ndiyo maana nimeiomba kamati ya chama chetu nafasi hii ili nitoe maoni yangu kuhusu kambi, mahema na baridi ya huku kwetu.

Sisi wa Nyeri huwa tunajigamba kuwa tunaijua baridi. Mgeni akija kutoka Mombasa au Kisumu mwezi wa Julai akaanza kutetemeka, tunamcheka. Tunamwambia, "Hii bado, ngoja ufike Kieni!" Lakini hebu tuulizane ukweli. Baridi tunayoijua ni ya mtu aliye na ukuta, paa na jiko la mama. Jioni ukifika nyumbani umelowa, unabadilisha nguo, unasogea jikoni, unapewa chai ya maziwa, basi. Baridi ya hemani ni nyingine kabisa na wengi wetu hatuijui. Tatizo ni kwamba kwa kuwa tunadhani tunaijua, tunaiendea na dawa ile ile ya nyumbani, yaani jiko la makaa. Na dawa hiyo ndiyo inayoua watu.

Wengi wenu mlisikia kisa cha kambi ya Agosti mwaka jana, lakini mlisikia kwa midomo ya watu, na mdomo wa mtu huongeza chumvi. Wacha nieleze vile ilivyokuwa.

Tulikuwa wasichana wanne katika hema moja, ukingoni mwa msitu mbele ya Naro Moru. Tulishuka kwenye gari barabarani tukatembea na mizigo karibu saa mbili, na njia nzima ilikuwa manyunyu, yale ya gathano yasiyo mvua na yasiyo ukungu, yanayokulowesha bila wewe kujua yalianza saa ngapi. Tulipiga hema bondeni karibu na kijito kwa sababu palikuwa tambarare na maji yalikuwa karibu. Tulijiona werevu sana. Jua lilipotua, baridi ikatambaa kutoka kule kijitoni kama inayotutafuta sisi. Soksi zilikuwa mbichi. Suruali za michezo zilikuwa mbichi. Chini tulikuwa tumetandika shuka moja juu ya sakafu ya hema, na juu tulikuwa na mablanketi mawili membamba kwa watu wanne.

Ndipo mmoja wetu akasema, "Si tulete jiko lile la kupikia? Makaa bado yako." Tukalitazama. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo. Tukaambiana kuwa hatari ya jiko ni moshi, na hili halina moshi, basi halina neno. Tukaliingiza, tukaliweka karibu na mlango, tukafunga zipu hadi mwisho ili joto lisitoke. Haki ya Mungu, dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Tulicheka, tukaimba, tukalala.

Kilichotuokoa ni haja ndogo. Mwenzetu mmoja aliamka akitaka kutoka. Anasema kichwa kilikuwa kinamgonga kama ngoma na miguu haikumtii. Alifungua zipu, akatoka nusu, akaanguka pale pale mlangoni, na kikombe cha bati kikalia. Mwalimu mlezi wetu, aliyekuwa hema la pili, akasikia. Akaja na tochi, akaona jiko, akatuvuta nje mmoja mmoja kama magunia ya viazi. Mimi nilitapika. Mwingine hakuamka haraka na ilibidi apelekwe hospitali usiku huo, akakaa huko siku mbili. Nashukuru leo yuko darasani na juzi tu alinishinda katika jiografia.

Sasa sikilizeni jambo linaloniaibisha zaidi. Somo la kaboni na michanganyiko yake tulisoma kidato cha pili. Niliulizwa swali katika mtihani: kwa nini ni hatari kuwasha jiko la makaa katika chumba kisicho na hewa? Nikajibu vizuri, nikapewa alama zote. Niliandika kwamba makaa yakiungua mahali pasipo na oksijeni ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kwamba hewa hiyo huikamata hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoikamata. Damu basi inazunguka mwilini kama matatu yaliyojaa abiria wasio wake, na oksijeni inabaki stejini. Yote hayo niliyajua. Miezi michache baadaye nikalala na jiko! Kumbe elimu ya karatasini na baridi ya saa nne usiku ni watu wawili wasiosalimiana.

Moshi ni moshi tu. Hukuwasha macho, ukakohoa, ukatoka nje. Moshi ni rafiki mwenye kelele. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo adui, kwa kuwa hayakuambii lolote. Kwanza kichwa kinauma, halafu kichefuchefu, halafu usingizi mzito, na usingizi huo mtu anaudhania kuwa ni wa uchovu wa safari. Katika hema ni mbaya zaidi kuliko nyumbani, kwa sababu hema ni chumba kidogo mno, na kitambaa kikilowa kwa mvua au umande kinaziba hata vile vitundu ambavyo hewa ingepitia. Isitoshe, kadiri unavyopanda mlima ndivyo oksijeni inavyopungua. Ukifika mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi inakupa kama asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo mtu wa Malindi anavuta bila kujua bahati yake. Ukichukua kidogo hicho ukakigawana na jiko, wewe utabaki na nini?

Wala si hema peke yake. Kila msimu wa baridi ukifika, mwezi wa Juni hadi Agosti, tunasikia redioni habari za familia iliyolala na jiko katika chumba kimoja cha kupanga isiamke. Tunasikitika, tunasema "maskini," halafu jioni tunaingiza jiko letu. Majirani zangu wanafanya hivyo. Hata mlinzi wa usiku katika kibanda chake cha mabati hufanya hivyo. Lakini leo nataka kusema juu ya kambi, kwa maana Agosti inakuja na tutaenda tena.

Baada ya kisa chetu yalizuka makundi mawili. Kundi la kwanza ni wazazi waliosema kambi zipigwe marufuku kabisa, watoto wakae nyumbani wasaidie kuchuma chai. Naheshimu uchungu wao, mama yangu akiwa mmoja wao, lakini sikubaliani nao. Mji wetu ndio mji alikozikwa Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti aliyekaa miaka yake ya mwisho katika nyumba yake ya Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Skauti hutoka pembe zote za dunia kuja kulitazama kaburi lake linaloelekea mlima. Itakuwa kichekesho wageni hao wakikuta watoto wa Nyeri wamekatazwa kulala hemani. Tena kuna Tuzo ya Rais, mpango ulioanzishwa nchini mwaka wa 1966. Ngazi ya shaba inakutaka ufanye safari ya siku 2 na kulala nje usiku 1, fedha siku 3 na usiku 2, dhahabu siku 4 na usiku 3. Ukikataa kambi umewakatia wenzako njia hiyo.

Kundi la pili ndilo lililonikera. Hao walisema, "Wale wasichana ni wajinga tu, kwani hawakujua?" Baadhi yao ni wanafunzi wenzangu na wanasoma makala hii, kwa hivyo nawajibu hapa hapa. Tulijua. Hatukuwa wajinga, tulikuwa na baridi. Mtu mwenye baridi hafikirii kama mtu aliyeketi darasani na sweta. Kumwambia mtu kama huyo "usiingize jiko" bila kumwonyesha atalala vipi ni kumpa nusu ya sheria. Nusu ya pili ndiyo niliyoitafuta mwaka mzima, kwa kumuuliza mwalimu wa jiografia, kwa kuwauliza wapagazi wawili wa Naro Moru wanaopandisha wageni mlimani, na kwa kumkalia nyanya yangu maswali hadi akachoka.

Mwalimu wa jiografia alinifungua macho kwa hesabu ndogo. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Nyeri mjini tuko mita 1,750 hivi. Kituo kinachoitwa Met Station katika njia ya Naro Moru kiko mita 3,050. Kama usiku wa Julai hapa mjini ni digrii 10, pale ni digrii 2. Kambi ya Mackinder iko mita 4,200, na huko utakuta digrii 5 chini ya sufuri, maji kwenye chupa yamekuwa jiwe. Na bado hujafika Lenana penye mita 4,985, wala sisemi Batian, mita 5,199, maana huko ni kwa wenye kamba na ujuzi wao. Kwa hivyo mtu asiniambie "sisi tumezoea baridi." Umezoea baridi ya mita 1,750, ndugu yangu.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa ndipo tulipokosea sana. Sisi tulihangaika kujifunika juu, na kumbe joto lilikuwa linakimbia chini. Ardhi yenye unyevu inakunyonya usiku kucha bila kupumzika, na blanketi ulilolilalia limebanwa na uzito wako mpaka halina hewa ndani yake. Hewa iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto, si kitambaa. Mpagazi mmoja aliniambia kwa sauti ya mtu anayemwonea mwingine huruma: "Msichana, ukiwa na mablanketi mawili, moja na nusu liwe chini." Nilidhani anafanya mzaha. Nikaenda kujaribu usiku mmoja nje ya jikoni kwetu, mama akifikiri nimerukwa na akili. Usiku wa kwanza nilitandika shuka tu, nikajifunika mablanketi mawili. Saa saba nilikuwa ndani ya nyumba. Usiku wa pili nilitandika katoni za duka zilizofunguliwa, tabaka tatu, juu yake gunia lililojazwa nyasi kavu, halafu blanketi moja, na nikajifunika lile lingine. Nililala mpaka jogoo. Katoni ni za bure, wasomaji wangu! Muuza duka anafurahi ukizichukua. Nyasi za ng'ombe ukizianika siku mbili tatu zinatosha, nawe uzibebe kutoka nyumbani, maana msituni na kwenye mbuga huruhusiwi kukata kata ovyo. Chini ya vyote hivyo tandaza turubai au nailoni ngumu ili unyevu usipande.

La tatu ni maji. Maji huondoa joto mwilini upesi mara 25 hivi kuliko hewa. Nguo ya pamba ikilowa, kama fulana na suruali ya jinzi, ni afadhali hata usiivae. Sufu ikilowa bado hukuhifadhia joto kidogo, na ndiyo sababu sweta kuukuu la mitumba kutoka soko la Karatina linaweza kukufaa kuliko koti jipya la maonyesho. Sheria niliyojiwekea ni hii: nguo za kulalia hazivaliwi mchana hata mvua ije ya mawe. Fulana kavu, sweta, soksi mbili na kofia ya sufu, ile tunayoiita mavini, zinafungwa ndani ya mfuko usioingiza maji, na zinaguswa tu ukishaingia hemani. Ukifika kambini umelowa, badilisha kwanza, hema baadaye kama mwenzako anaweza kulisimamisha. Jasho nalo ni maji. Mtu anayepanda kilima akiwa amevaa masweta matatu anajilowesha mwenyewe kutoka ndani.

Nyanya yangu hakusoma fizikia, lakini alinishangaza. Baba yake aliingia msitu wa Nyandarua wakati wa Mau Mau, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Hawakuwa na mahema. Walivaa ngozi za wanyama, walilala wamebanana mgongo kwa mgongo, na moto waliuwasha kwa hadhari kubwa kwa kuni zilizokauka sana kwa sababu moshi ungewafichua kwa ndege za serikali ya mkoloni. Kimathi mwenyewe alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alikuwa amevaa ngozi ya chui. Nikamuuliza nyanya, "Sasa walipataje joto bila moto usiku?" Akanijibu, "Walikula wakashiba, wakawa wakavu, wakawa wengi pahali pamoja." Nikakaa kimya. Maneno hayo machache ndiyo mambo yote ambayo mwalimu na mpagazi walinieleza kwa nusu siku.

Kwa kweli chakula ni moto wa tumboni. Usiku ule wetu tulikula mkate mkavu na chai kwa kuwa tulikuwa tumechoka kupika. Mwili hauna makaa mengine isipokuwa yale unayoula. Githeri yenye mafuta, uji mzito wenye sukari, njugu karanga mfukoni za kutafuna usiku ukiamka na baridi, hivyo ndivyo vitu vya kubeba. Na hapo jiko lina kazi yake halali! Lipikie nje, lichemshe maji nje, kisha maji hayo yatie kwenye chupa imara isiyovuja, ifunge vizuri, ivishe soksi, uilaze miguuni au kifuani. Huo ndio ujanja ulio bora kuliko wote niliojifunza. Joto linaingia hemani, sumu inabaki nje. Makaa yamwagiwe maji kabla ya kulala, yazimike kabisa, kwani makaa yaliyofunikwa jivu bado yanatoa hewa ile ile.

Na tafadhali, zipu isifungwe yote hata bila jiko. Acha pengo juu. Pumzi za watu wanne usiku mzima ni maji, yanaganda ukutani mwa hema na kuwadondokea alfajiri, na kila kitu kinakuwa kibichi tena. Usijifunike uso kwa blanketi pia, kwa sababu hiyo hiyo. Ukisikia haja ndogo, nenda. Najua hakuna anayependa, nje ni giza na mtu anawaza fisi, lakini kujikaza usiku kucha kunakunyima usingizi bure, tena mimi nina sababu yangu ya kuiheshimu haja ndogo.

Kuhusu mahali pa kupiga hema, mkulima yeyote wa Nyeri angetuambia kama tungeuliza. Jalidi inayochoma viazi na majani ya chai hushika bondeni kwanza, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na huteremka kama maji. Sisi tulienda kulala pale pale inapokusanyika. Panda kidogo mtelemkoni, mahali penye kinga ya upepo, usiwe bondeni wala kileleni.

Sharti pia tujue dalili za mwili kupoa kupita kiasi, maana baridi yenyewe inaua hata bila jiko. Mwili wa mtu una joto la digrii 37. Likishuka chini ya 35, hiyo ni hatari. Mtu hutetemeka sana, anaanza kujikwaa, vidole havifungi kifungo, maneno yanakuwa kama ya mlevi, na anakuwa mkali au mkimya bila sababu. Msimcheke. Na akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na anasinzia, msiseme "sasa amepata nafuu," hapo ndipo amezidiwa. Mwondoeni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mkingeni na ardhi na upepo, mlaleni naye wawili wakimbana kila upande, na kama ana fahamu timamu na anaweza kumeza, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue miguu na mikono kwa nguvu, msimpe pombe ati imchangamshe, na atafutiwe msaada wa daktari haraka. Yule aliyevuta hewa ya jiko naye dawa yake ya kwanza ni kutolewa nje papo hapo, halafu hospitali, hata akisema yuko sawa.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu, na naomba walimu wetu wapendwa wanisamehe nikionekana nimekosa adabu.

Orodha ya vitu vya kambi inayobandikwa ubaoni kila mwaka huanza na mfuko wa kulalia. Shule yetu ni ya kutwa. Wengi wetu ni watoto wa wachuma chai, wauza mboga na makanga. Wangapi wana mfuko wa kulalia? Katika hema letu hapakuwa na hata mmoja. Mwenzangu mmoja alikuja na shuka pekee, na kila mtu alidhani ni uzembe. Mimi najua kwao. Kuna blanketi moja zito na wanalala nalo watoto watatu, na yeye hakutaka kulichukua wadogo zake wabaki wakitetemeka kwa ajili ya kambi yake. Angemweleza nani hayo? Orodha ilisema mfuko wa kulalia, akatia tiki, akanyamaza. Sote tulitia tiki. Mtu akiona aibu kusema hana blanketi, jiko litamsemea usiku.

Nasema orodha ile ndiyo iliyoingiza jiko hemani kabla yetu. Inataka kitu ambacho hatuna na haisemi lolote kuhusu tunachoweza kupata. Kama chombo cha dukani ndicho kinachomwokoa mtu mlimani, basi wale mateka watatu Waitaliano waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 wasingethubutu kuugusa Mlima Kenya. Shoka zao za barafu zilitokana na nyundo, na kamba zao zilitokana na katani ya vitanda vyao. Wawili wao walifika Lenana, kisha wote wakarudi wenyewe gerezani. (Hapo pa kurudi gerezani mimi singewafuata.) Walifika kwa sababu walikaa miezi wakitayarisha kile walichokuwa nacho, wakakijaribu, wakakirekebisha. Hivyo ndivyo sisi tungefanya na katoni, magunia na mablanketi.

Ninachopendekeza hakigharimu pesa nyingi. Siku ya Ijumaa kabla ya safari, kila hema lifungue mizigo yake mbele ya mwalimu mlezi na vitu vihesabiwe kwa hema, si kwa mtu: kuna nini cha chini, kuna nini cha juu, nguo kavu ziko wapi. Hesabu ya hema haimwaibishi yeyote. Hema lenye upungufu liazimwe kutoka stoo. Stoo hiyo haipo bado, lakini mabweni ya shule za jirani hubadilisha mablanketi, na wazazi wengi wana moja lililochanika ambalo mshono mmoja unalifufua. Mablanketi mawili yakishonwa pande tatu yanakuwa mfuko wa kulalia. Nimeshona mmoja kwa mkono na sindano ya magunia, jioni mbili tu, na darasa la sayansi kimu linaweza kushona kumi kwa muhula. Jiko nalo liwe na mlinzi kwa zamu, ambaye kazi yake ni kulizima na kulala akijua liko wapi.

Nimemwonyesha mwalimu mlezi ule mfuko wangu. Aliuingia na viatu vyake, akajilaza sakafuni pale ofisini, akasema unamfaa. Lakini nilipopita ubaoni Jumatatu, orodha ya Agosti ilikuwa imeshabandikwa na mstari wa kwanza ulikuwa ule ule. Naomba ufutwe kabla wenzangu hawajaanza kutia tiki.